Futa Data, Futa Akiba

Simu ililia saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Naikumbuka saa kwa sababu ya kazi: nilikuwa nimefunga mota kwenye cherehani ya mteja, na kabla ya kuijaribu mashine huwa natazama saa ili nijue inachukua muda gani kupata moto. Nilitazama saa, nikaweka mguu kwenye kanyagio, na simu ikalia. Alikuwa mke wangu.

Nyumba yetu iko Mururu, mpakani, ng'ambo ya Bukavu, kwenye mteremko, na cherehani nazitengenezea barazani. Sikufundishwa na fundi yeyote. Nilifungua mashine mbovu, nikazipanga skrubu kwa utaratibu zilivyotoka, kila moja ndani ya kizibo chake cha soda, kisha nikasoma vitabu vya maelekezo, vingi vya Kifaransa, mpaka nikaelewa. Simu nayo nilijifunza hivyohivyo: niliingia kila ukurasa wa mipangilio na kusoma maelezo yake kabla ya kugusa kitu. Simu yangu niliiacha katika Kifaransa. Ya mke wangu niliiweka Kiswahili, kwa sababu yeye amekulia Bukavu, Kinyarwanda anakisema vizuri sokoni lakini hakisomi, na Kifaransa anakisoma polepole mno kwa mtu mwenye wateja. Alipoona simu yake inasema Kiswahili alifurahi, akawaonyesha wauzaji wenzake wa vitenge kama mtu aliyenunua simu mpya.

Siku hiyo tulikuwa watu wawili pale barazani, mimi na mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na ukuta, mahali jua linapofika kwanza ukungu ukiondoka. Kiti chake kilitazama njia. Changu kilitazama ukuta. Ndivyo tulivyoishi tangu alipohamia kwetu baada ya kiharusi, na sababu ni heshima. Kwa desturi tuliyolelewa nayo, ng'ambo na huku, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye sahani moja, wala hawapigi soga. Kama ana neno kwangu, analipitisha kwa binti yake. Ugonjwa uliilegeza desturi hiyo kidogo. Kuna siku nilimshika mkono ili asianguke, na kuna siku nilimshikia kikombe. Lakini hata hapo nilitazama kikombe, na yeye akatazama njia.

Kiharusi kilichukua mkono wa kulia na maneno yote. Aliyoambiwa aliyaelewa; hilo mke wangu aliliona machoni, nami katika mkono wake mzima. Kusema ndiko kulikokataa. Alifungua mdomo, pumzi ikatoka, na neno likabaki ndani. Muuguzi wa kituo cha afya alituambia tusimwache kimya: tuzungumze naye, tumwimbie, tumsikilizishe sauti anazozijua, na tumwache ajaribu kufuata.

Sauti aliyoijua kuliko zote ilikuwa yake mwenyewe, na mke wangu alikuwa nayo kwenye simu. Kabla ya ugonjwa, mama alikuja kututembelea, na siku moja mke wangu alimpiga video akichambua maharage uani. Hapakuwa na jambo kubwa lolote mle. Mama anachambua, anatupa vijiwe kwa kuku, anauliza chumvi iko wapi. Kisha ananiona mimi kwa mbali nikimenya ndizi, na kwa kuwa hawezi kunitania moja kwa moja, anamwambia binti yake kitu kuhusu mimi kwa Kimashi, lugha ya kwao, na wote wawili wanacheka mpaka simu inatikisika. Binti yake anajibu, mama anaongeza jingine, wanacheka tena. Basi.

Video hiyo ilikuwa dawa yake. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni, mke wangu alifungua kamera, akagusa picha ndogo pembeni, na kumwekea mama simu mapajani. Mimi niliisikia nikiwa nimempa mgongo, na kwa kuisikia tu niliijua yote: maharage yakianguka kwenye ungo, kuku, kicheko. Siku za kwanza mama alitazama tu. Baadaye, mke wangu aliniambia, midomo yake ikaanza kwenda pamoja na sauti. Penye kicheko alicheka, na kicheko kilikuwa chakechake, hakikuguswa na ugonjwa. Na penye chumvi alianza kupata mwanzo wa neno. Munyu, husema watu wa kwao, kama tunavyosema huku kwa Kinyarwanda. Alipata "mu", akasimama hapo, akavuta pumzi, akapata "mu" tena. Mke wangu alikuwa anatoka barazani akikimbia kwa kuchelewa sokoni, na bado alisubiri mpaka penye chumvi papite.

Hiyo ndiyo video iliyokuwa ndani ya simu saa nne na dakika kumi na mbili.

"Papa, kamera inakataa," alisema mke wangu; ndivyo anavyoniita. Nyuma yake nilisikia soko. "Inasema nafasi imejaa. Na ule maman wa Bukavu iko kwa laini, anataka kuona rangi ya kitenge ya kijani. Nisipomutumia picha sasa, atanunua kwa mwingine."

"Futa picha za zamani."

"Nimefuta. Bado inakataa. Iko inanisemesha kama mwenye nyumba anadai kodi."

Nilijua tatizo lake. Kamera, kila ikifanya kazi, huacha nyuma faili za muda, kama vile fundi nguo anavyoacha vipande vya nyuzi chini ya meza. Havina kazi tena lakini vinajaza chumba. Simu yangu niliisafisha hivyo mara nyingi bila kupoteza kitu. Nikamwambia aingie kwenye mipangilio, kisha programu, achague kamera yake ile, kisha hifadhi.

"Niko ndani," alisema. "Kuko bitufe mbili. Moja iko 'Futa data'. Ingine 'Futa akiba'."

"Futa nini?"

"Akiba! Njo wewe uliweka hii Kiswahili. Sasa nani anafutaka akiba? Bamama ba likelemba bakisikia, batanimeza muzima."

Likelemba ni mchango wao wa wanawake sokoni: kila mmoja huweka, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Sanduku lilikuwa kwa mke wangu mwaka ule. Nilimsikia jirani yake wa meza akidakia kwa sauti kubwa: "Mwambie afute yake kwanza, ya bantu aache!" Wakacheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na hakika. Kwenye simu yangu kitufe ninachobonyeza kina neno la Kifaransa lenye maana ya maficho. Sikuwahi kuliona likiandikwa kwa Kiswahili. Je, maficho yale ndiyo yaliyogeuzwa akiba? Au ndiyo data? Kuhakikisha kulikuwa rahisi: nifungue simu yangu nione kipi kiko wapi. Lakini simu yangu ilikuwa sikioni.

"Ngoja," nilisema. "Nikate, nitazame kwangu, nikupigie."

"Maman iko anangoja!"

"Dakika moja tu. Usiguse."

Nikakata. Nikafungua, nikalinganisha mpangilio wa vitufe, nikaelewa. Akiba ndiyo yenyewe. Waliotafsiri walikuwa na sababu yao, maana simu huweka vitu vile kando ili ivitumie tena. Lakini kwa mtu yeyote aliyelelewa akiambiwa akiba haiozi, hakuna amri ya ajabu kuliko hiyo. Nikampigia. Laini ilikuwa na mtu. Nikapiga tena, laini ina mtu. Mara ya tatu akapokea, na sauti yake ilikuwa nyepesi.

"Njo akiba," nilimwambia. "Bonyeza akiba, haina shida."

"Nimeshamaliza, Papa. Nimefuta data."

"Nilikwambia usiguse."

"Data ni kitu ya kununua, kesho nitanunua mega ingine. Akiba bantu habagusake. Iliniuliza kama ni kweli nataka kufuta, nikasema sawa. Sasa iko na nafasi kama mupya! Nimepiga haraka na ile kamera ingine, ya simu yenyewe, picha imeenda, maman amependa, amechukua pièces tatu."

Nilifikiri. Picha za simu hukaa kwenye ghala lao, nje ya programu, na kufuta data ya kamera hakuzigusi. Nilikuwa nimelisoma hilo na nilikuwa nimelijaribu. Nikamuuliza kama picha za zamani za vitenge zinaonekana. Akatazama, akasema ziko. Basi nikamwambia sawa, nikarudi kwenye mota. Nyuma yangu mama mkwe alikuwa amelala kidogo kwenye kiti chake. Mota ilizunguka vizuri siku hiyo.

Kesho yake asubuhi mke wangu alimfunga mama kitambaa, akampa uji, akafungua kamera. Nilikuwa nachagua sindano na nilisubiri ungo wa maharage uanze. Haukuanza. Nikasikia vidole vyake vikigonga kioo.

"Papa," aliita. "Mbona inanisalimia?"

Nikaenda. Kioo chote kilikuwa kimeandikwa Karibu, kwa herufi kubwa, na chini yake kamera ile iliomba ruhusa ya kutumia kamera, ruhusa ya kutumia maikrofoni, na iliuliza lugha. Ilituuliza sisi, tuliokaa nayo miaka, kama wageni walioshuka basi sasa hivi. Tukajibu maswali yake. Pembeni, mahali pa ile picha ndogo, palikuwa na duara tupu la kijivu.

Niliielewa siku hiyo. Kamera ile haikuwa iliyokuja na simu. Muuzaji wa simu alimwekea mke wangu kwa sababu inatoa rangi za vitenge kama zilivyo. Picha zake ilizipeleka ghalani yenyewe. Video haikuzipeleka. Video ilizishika ndani yake kama rasimu, ikingoja mwenyewe abonyeze kuhifadhi. Asipobonyeza, inaendelea kuzionyesha kila siku vilevile, bila kusema kwamba hazijahifadhiwa popote. Sisi tuliifungua kila asubuhi na ilikuwepo. Tungejuaje kwamba ilikuwa pale kwa muda?

Na hatukuwa na nakala. Mdogo wake mke wangu, aliyeko Uvira, aliomba atumiwe, lakini ilikuwa ndefu na mega hazikutosha, tukasema tutaituma tukinunua kifurushi kikubwa.

Mama mkwe alinyoosha mkono wake mzima. Alitaka simu yake.

Mke wangu alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akamwekea video nyingine, ya ndoa ya jirani, yenye ngoma. Mama alitazama kidogo, akaisukuma simu taratibu kwa upande wa kidole, kama mtu anayerudisha sahani isiyokuwa yake, akanyoosha mkono tena.

Nilifunga kazi nikaipeleka simu mjini Kamembe, kwa fundi wa simu mwenye kibanda karibu na kituo cha mabasi. Ni mtu wa umri wangu, tumefahamiana kwa sababu huniazima bisibisi ndogo. Nilimweleza kwa utaratibu: kitufe gani, saa ngapi, nini kilirekodiwa baada ya hapo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, ilikuwa ghalani au ndani ya programu?"

"Ndani ya programu."

Akaacha kuifungua simu. "Ya ghalani wakati mwingine mtu anaichimbua. Ya ndani ya programu, hapana. Inafutwa pamoja na funguo zake. Hata ukipata vipande ni mchanga tu."

"Kuna mashine yoyote? Kigali?"

"Watakuambia uwaachie simu wiki, watakula pesa zako, watakurudishia simu." Akaisogeza kwangu juu ya kioo cha meza. "Mimi kazi yangu ni kula pesa za bantu, lakini hizi hapana. Ilikuwa nini, video yenyewe?"

"Mama anachambua maharage."

Nadhani alingoja nimalizie. Alipoona nimemaliza, alisema, "Pole, Mzee," akamgeukia mteja mwingine.

Nyumbani nilisoma kila nilichoweza kusoma kuhusu jambo hilo, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza nikisaidiwa na kamusi. Nilijaribu programu mbili za kurudisha vilivyofutwa. Zilileta picha za vitenge ambazo mke wangu alizifuta mwenyewe kwa kuwa hazikutoka vizuri, na picha ya kidole. Nilizoea kuamini kwamba kitu chochote kilichofungwa na binadamu kinaweza kufunguliwa, ukiwa na subira na ukikumbuka skrubu ilitoka wapi. Hapa hapakuwa na skrubu.

Mdogo wake wa Uvira alipiga. "Sasa nyinyi bado munatafuta mega?" alitania. "Mutume basi hata nusu, hata pale anacheka tu." Mke wangu alimwambia ukweli. Yule akauliza, "Uliuliza Papa mbele ya kubonyeza?" Mke wangu akajibu, "Nilimuuliza. Alienda kutazama." Sote wawili tulisikia kwamba jibu hilo limeliacha nje lile "usiguse", na hakuna aliyelirekebisha.

Asubuhi zikaendelea kuja. Mama hakujua kilichotokea, na sisi hatukujua namna ya kumwambia mtu kwamba sauti yake haipo tena. Saa ya uji ikiisha mkono ulinyooka. Siku moja mke wangu aliweka simu chini, akachukua ungo, akatia maharage, akaketi mbele ya mama yake na kuanza kuwa mama yake. Alichambua. Akatupa kijiwe kwa kuku. Akauliza kwa Kimashi chumvi iko wapi, kwa sauti ile ya mama ya kuburuta kidogo.

"Mu," alisema mama mkwe.

Mimi niliacha bisibisi.

Mke wangu akaendelea mpaka penye ndizi, penye utani ule kuhusu mimi. Hapo akakwama. "Alisemaka nini, Papa? Alisema unamenya ndizi kama muntu anatengeneza redio?"

"Saa," nilisema kwa ukuta. "Kama mtu anayetengeneza saa."

"Hapana. Redio. Kimashi wewe haujue."

"Niliisikia kila asubuhi. Ni saa."

"Na mimi nilikuwa nashika simu! Redio. Njo maana nilimujibu, basi atashika Bukavu au Kigali? Njo tukacheka."

Hilo la kujibu sikulikumbuka kabisa. Nilikuwa na hakika kwamba alijibu jambo jingine, kuhusu chakula cha mchana kitakachoiva jioni. Kila mmoja wetu alikuwa na video nzima kichwani, na hazikuwa video moja. Nikafanya jambo nisilowahi kulifanya. Niligeuza kiti changu. Nilimtazama mama mkwe usoni, na nikamuuliza mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Mama, ulisema saa au redio?"

Uso wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyouwazia kwa kusikia sauti yake tu. Alinitazama. Mdomo ulifunguka, pumzi ikatoka, shingo yake ikakaza kwa juhudi. Tulingoja. Alikuwa analo, hilo lilionekana wazi kama unavyoona kitu chini ya maji. Kisha mdomo ulifumba. Mkono mzima uliinuka, ukapiga hewa mara moja, kushoto na kulia, namna anavyofukuza kuku. Si saa. Si redio. Akageuza macho yake kwenye njia, nami nikageuza kiti changu.

Mke wangu huuigiza ungo kila asubuhi mpaka leo. Penye chumvi, mama hupata "mu". Penye utani tunapita haraka, na hacheki, kwa sababu si wake.

Juzi nilikuwa natafuta uzi kwenye kabati la mke wangu nikakuta fundo la kitambaa cha kijani, kipande cha kitenge kile, nikalifungua. Nikamuuliza kama ni pesa za likelemba zimepotea njia. Akasema hapana, ni faida ya zile pièces tatu alizochukua maman wa Bukavu. Haijaingia kwenye sanduku wala kwenye chakula. Nikauliza ni ya kazi gani. "Hiyo njo akiba," alisema, akalifunga fundo tena. Nilikuwa nimeshahesabu. Faranga elfu nne na mia tano.